Okanya wa Mstari wa Nyuma

Elimu yangu iliishia darasa la saba, lakini picha yangu iko kidato cha tatu. Nitaeleza ilivyokuwa, maana wote ambao wangenikatiza wameshazikwa.

Mwaka wa 1965 baba alinitoa kwetu Busia, upande wa Kenya, akanipeleka Tororo kwa shangazi. Mambo ya sekondari yalikuwa ya kaka zangu wawili. Mmoja akaisoma, mwingine akaikimbia. Mpaka wa siku hizo haukuwa na maneno. Ulipita na kuku wako kwapani, askari akamtazama kuku vizuri kuliko alivyokutazama wewe. Shangazi alikuwa mpishi katika shule ya wavulana, na mimi nikawa mtu wa kuchochea moto, kuchambua maharagwe na kukwaruza masufuria.

Ukipika posho, yaani ugali, ya wavulana mia mbili, chini ya sufuria hubaki ukoko mkavu, wa rangi ya kahawia, wenye ladha ya moshi. Pale jikoni ukoko ulikuwa haki ya anayekwaruza. Shangazi alinieleza sheria yake siku ya kwanza: mvulana haombi ukoko, anapewa, na ukimpa mmoja, wote mia mbili watajua maana yake. Kwa hiyo niwe na akili. Nikawa na akili wiki tatu nzima.

Wavulana watatu wa kidato cha tatu walikuwa na zamu ya kurudisha masufuria. Laban alikuwa wa kwetu Busia, kiranja wa darasa, mtu aliyezaliwa tayari na miaka arobaini. Okanya alitoka Kiyeyi, na alipocheka alicheka mwili mzima, kichwa kikimlalia begani kama kuku anayesinzia. Wa tatu alikuwa Emong wa Osukuru. Emong sitamweleza sana. Alikuwa mrefu, mwenye masikio makubwa, na alikuja jikoni kuomba maji ya kunywa mara nne kwa jioni moja, mtu hata jasho hana.

Walipojua kwamba nilikuwa nataka kusoma wakaanza kunifundisha pale pale, mimi nikisugua, wao wamekalia kuni. Laban alinifundisha hesabu za herufi. Alisema eksi ni kitu kisichojulikana, nikamuuliza kama hakijulikani wanakisumbulia nini. Okanya alinifundisha Kiingereza, hasa kile cha kumjibu mtu aliyekukanyaga. Emong hakunifundisha kitu. Alikaa juu ya gogo akala ukoko.

Ndiyo, nilimpa. Nilimfungia katika jani la mgomba kila Jumatano na kila Jumamosi, na shangazi alijifanya haoni, kwa sababu na yeye alikuwa amewahi kuwa msichana, ingawa kwa kumtazama usingedhani.

Basi mwaka ule akaja mpiga picha kutoka mjini, na kamera yake ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika. Mwalimu wa kidato cha tatu akatangaza kwamba darasa litapigwa picha likiwa kamili, wote thelathini na mmoja. Akikosekana mmoja, hakuna picha mpaka mwaka ujao. Na asubuhi hiyo hiyo Okanya alikuwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa, malaria inamtikisa kama ungo.

Laban alikuja jikoni uso umempauka. Kiranja angeulizwa yeye. Akasema wako thelathini tu, afanye nini. Emong akamwambia polepole, bila hata kuinuka kwenye gogo lake, kwamba mbona wa thelathini na mmoja huyu hapa anachambua maharagwe.

Nilikataa. Nilikataa muda wa kutosha ili wasinidharau. Kisha nikavaa shati la Okanya na kaptula yake. Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa kama cha wasichana wote wa siku zile, na kifua kilikuwa bado kinajifikiria. Miguu ndiyo ingenisaliti, kwa hiyo wakanisimamisha mstari wa nyuma, juu ya benchi, Laban ubavuni mwangu na Emong upande wake wa pili. Mwalimu alihesabu vichwa, miwani yake ikiwa juu ya paji la uso ambako alikuwa anaipendea. Thelathini na mmoja. Sawa. Emong akanishika mkono nyuma ya mgongo wa Laban, mahali ambapo kamera haifiki. Mimi nikafunga mdomo kabisa, maana niliogopa nikifungua tu sauti ya msichana itatoka.

Picha ilipokuja, karani wa shule alikuwa ameandika majina chini yake kwa wino mweupe, akiyafuata kwenye rejista. Mstari wa nyuma, wa nne kutoka kushoto: Okanya. Kumbe ni mimi, nimekodoa macho kama mbuzi aliyeona kisu. Lakini tulipoisogeza mlangoni penye mwanga tuliona kitu kingine. Nyuma ya darasa kulikuwa na dirisha la chumba cha wagonjwa, na ndani ya dirisha, kadogo kama punje ya dengu, uso wa Okanya mwenyewe, blanketi kichwani, anacheka, kichwa kimelala begani. Alikuwa ametoka kitandani na homa yake aje anione ndani ya kaptula yake. Tulicheka hadi shangazi akanigonga mwiko mgongoni, na wao akawafukuza.

Mwisho wa mwaka uliofuata baba aliniita nyumbani. Kulikuwa na mtu anaitwa Nashon, mwenye baiskeli, na mazungumzo yalikuwa yameshafika mbali bila mimi. Nashon alikuwa mume mwema, sitasema vingine, na alikoroma miaka arobaini bila kukosa siku. Emong akaenda kuchimba mawe ya mbolea katika vilima vya kwao Osukuru, akaoa Apolot. Okanya akaajiriwa relini. Mwaka wa 1969 akaugua tena, na safari hii hakuinuka kwenda dirishani. Alimwacha mkewe na mimba ya miezi minne.

Kwenye mazishi yake pale Kiyeyi, mimi, Laban na Emong tulisimama pembeni mwa watu. Laban alikuwa ameshakuwa mwalimu, na alitusihi jambo la ile picha tulizike siku hiyo hiyo, maana likijulikana atasimama vipi mbele ya watoto. Tukamwahidi. Emong alikuwa na Apolot wake, mimi nilikuwa na mtoto mgongoni. Tuliagana kwa mkono kama watu waliokutana kituoni.

Laban alikufa, nikanyamaza. Kisha mwaka jana nikapata habari kwamba Emong naye amekwenda. Nikavaa gauni langu la gomesi, la maziko, nikavuka pale Busia, safari hii kwa foleni na kitambulisho, nikaenda Osukuru.

Nilifika asubuhi. Vijana walikuwa wanagawa programu ya mazishi, na ukurasa wa pili, wee, nikajiona. Mtoto wa Emong anaitwa Edeku, na ndiye aliyeichapisha ile picha pamoja na majina yake. Nikaikunja haraka nikaiweka kwenye mkoba. Niliyeketi naye kwenye kiti cha pili hakuikunja yake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na alikuwa anaipitishia kidole. Akanisogezea.

"Mama, ona huyu wa nne," alisema. "Ni baba yangu. Sijawahi kumwona."

Nilijua ni nani kabla hajataja jina. Alikuwa Akongo, ile mimba ya miezi minne. Akanieleza kwamba baba yake aliacha picha moja tu, ya kitambulisho, na mvua iliiharibu paa lilipovuja yeye akiwa bado anatambaa. Alikuwa amekuja tu kumzika mtu aliyesoma na baba yake, na sasa Mungu amempa uso. Kesho ataipeleka studio ikuzwe, aitundike sebuleni, wajukuu wajue babu yao. Tayari jirani mmoja amemwambia amechukua macho ya baba yake kabisa.

Nikayatazama hayo macho pale pichani. Yalikuwa yangu.

Nisiwadanganye, wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Nilimwahidi Laban. Tena huyu mama alikuwa na furaha, na mimi ni nani nimwondolee. Nikajiona nimetundikwa ukutani kule Kiyeyi, babu wa watu, wajukuu wananipangusa vumbi siku ya Krismasi. Kuna wanaume waliofanya kazi ndogo zaidi wakaitwa baba. Nikaomba chai. Akongo akacheka kwa jinsi nilivyovuta sukari, kichwa kikamlalia begani.

Kisha akaitazama tena picha, akasema kitu ambacho sikuwa nimejiandaa nacho.

"Marehemu mama alikuwa anasema baba alikuwa mtu wa kucheka. Lakini ona. Huyu alikuwa na hofu. Labda mama alinitungia tu, nisisikie vibaya."

Hapo nikaweka kikombe chini. Mimi nimefanya utundu mwingi na mwingi siujutii, lakini kumgeuza Okanya kuwa mtu wa hofu mbele ya mtoto wake, hilo hapana. Na programu ile haikuweza kunisaidia. Nilipoitazama, lile dirisha lilikuwa doa jeusi tu. Picha yenyewe, ile ya 1965, ilikuwa imetundikwa ndani, sebuleni kwa mjane, juu ya kichwa chake. Nisingeifikia bila kumpita Apolot, na nisingempita Apolot bila kusema nilikuwa nani.

Nikamwambia Akongo aje nyuma yangu. Apolot alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wa ukoo, amenyoosha miguu, amechoka. Nikapiga magoti kumpa pole. Nikamwambia jina langu ni Felistus, wa Busia, na kwamba ninaomba ile picha ishushwe kidogo. Akauliza ya nini. Nikavuta pumzi, nikamweleza kwamba wa nne kutoka kushoto si Okanya, ni mimi, nilikuwa binti wa jikoni pale shuleni, na Emong ndiye aliyenisimamisha pale. Wanawake waligeuka wote kwa mara moja. Akongo nyuma yangu akasogea karibu.

Apolot alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi vidole vya miguu, bila haraka.

"Wewe ndiye wa ukoko?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, dada.

"Mimi nakwaruza sufuria miaka hamsini," alisema, akiwageukia wenzake. "Nampa na mkono mbili. Anakula, anasema, mzuri, lakini wa Tororo ulikuwa na moshi. Nimebadilisha kuni, nimebadilisha sufuria. Kumbe nashindana na huyu." Akanigeukia tena. "Na hata si mrembo."

"Nilikuwa," nikamwambia. "Shida ni kwamba walionishuhudia wamekufa."

Mmoja wa wale wanawake alikohoa kicheko chake ndani ya leso. Apolot hakucheka, lakini alimwita Edeku aishushe picha.

Tukaipeleka mlangoni penye mwanga, kama siku ile. Nilipangusa kioo kwa ncha ya gomesi. Miaka ilikuwa imeipa picha madoa ya kahawia, na kwa muda nilidhani dirisha limekwenda nayo. Halikwenda. Nikaweka ukucha wangu chini yake, nikamwambia Akongo huyo wa mstari wa nyuma amsamehe, aliyejawa hofu ni mimi, nilikuwa ndani ya kaptula ya mtu. Baba yake ni huyu wa dirishani. Alikuwa na homa ya kumlaza, akaamka ili acheke.

Akongo aliinamia kioo. Edeku alitoa simu yake, akaipiga picha ile sehemu, akaivuta kwa vidole ikawa kubwa. Blanketi. Meno. Kichwa kilicholala begani. Akongo aliishika simu kwa mikono miwili, na mimi nikaanza kupanga maneno ya kuomba radhi. Lakini aliposema, hakusema na mimi.

"Mama hakunitungia," alisema.

Akaniuliza maswali hadi jua likawa kichwani. Nilimwambia yote: Kiingereza cha kumjibu mtu aliyekukanyaga, nikamfundisha na yeye, jinsi baba yake alivyodai kaptula yake nimeilegeza kiunoni na hataivaa tena, jinsi alivyojitambulisha kwa wageni kuwa yeye ndiye mvulana mzuri kuliko wote mstari wa nyuma. Apolot alikuwa anasikiliza kutoka mkekani. Nilipofika kwenye habari za Emong nilipunguza sauti, naye akaniambia niipandishe, nyumba ni yake.

Mchana tukaenda kaburini. Wakaitwa wakwe, wakaitwa wa kanisa, wakaitwa waliofanya naye kazi kule vilimani, kila kundi likatupa udongo wake. Kisha mwenye kipaza sauti akaita waliosoma na marehemu. Hakuinuka mtu. Akaita mara ya pili. Watu wakaanza kutazamana, maana ni aibu mzee kuzikwa kana kwamba alisoma peke yake, na Edeku akainamisha kichwa.

Mimi nilikuwa nimekaa na darasa langu la saba. Nikasikia kiwiko ubavuni. Apolot alikuwa ameniegemea, macho yako mbele, kama mtu anayefuata ibada.

"Okanya," alininong'oneza. "Unaitwa. Nenda."

Nyuma yetu Akongo akacheka, akaziba mdomo, tayari watu wamesikia. Nikajiinua, magoti yakalia. Nikajaza udongo kiganja ambacho Emong alikishika nyuma ya mgongo wa Laban, nikautupa. Mwenye kipaza sauti akaniuliza nilisoma na marehemu kidato gani. Nikamwambia cha tatu, mstari wa nyuma, na safari hii nilifungua mdomo wazi, meno yangu yaliyobaki yakaonekana yote.