Mimi wa Kiwanda cha Kuku

Karani wa ajira pale hospitalini sisi waomba kazi tulimbatiza Bwana Halisi, kwa sababu ukimpelekea kopi, hata iwe safi namna gani, anaisukuma kwa kidole na kusema, "Nataka halisi." Haya, nikampelekea halisi. Kadi yangu ya kibali cha kazi, yenye picha yangu nimenuna, niliiweka mezani mwenyewe. Kazi ya dobi nilishaipata, hata kabati la kuwekea nguo nilishaonyeshwa. Kilichobaki ni yeye kuhakikisha kwamba naruhusiwa kufanya kazi katika nchi hii.

Akaingiza namba kwenye kompyuta. Akaitazama skrini, akanitazama mimi.

"Mama, mbona uko kazini tayari? Unakata kuku kiwandani."

"Kuku gani? Mimi tangu nijifungue niko ndani nalea!"

"Basi kuna mtu anatumia kadi yako. Njoo kesho tulimalize. Lisipoisha kesho, nafasi nampa mwingine."

Nilitoka pale damu inanichemka. Njia nzima nilikuwa nasema peke yangu, watu wananipisha. Na kabla sijafika mlangoni jibu nilikuwa nalo, maana anayerudi kwetu kila jioni ananuka kuku ni mmoja tu, mke wa kaka yangu. Tunaishi pamoja, wao sebuleni, mimi na mwanangu chumbani.

Nilimkuta kaka amelala chali sakafuni, na mgongo wake ule ulioumia kwenye ujenzi.

"Kadi yangu umempa nani?"

Hakujisumbua hata kubisha. "Ilikuwa imelala tu, dada. Niliichukua siku ya kuandikishwa kule, nikairudisha. Wewe unalea. Maombi ya kibali ya mke wangu yamekataliwa, na mimi hata ndoo siwezi kunyanyua. Tungekula nini? Kule wanavaa barakoa na kofia. Kwa wale mabosi sisi sote sura moja."

Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Kandambili ni za aliyewahi kuamka, gauni ni la mwenye safari, na hakuna anayeomba ruhusa. Lakini kadi, jamani! Kadi si kandambili!

Wifi aliingia tukiwa katikati ya kelele. Aliposikia, akabaki ameshika kitasa.

"Si uliniambia wifi amekubali?" akamwuliza mumewe.

Kaka akageukia ukutani.

Nikafoka mpaka mtoto akaamka. Nikasema kesho nitamwambia karani simjui, na aliyeyataka haya atajijua mwenyewe. Mimi nikishaanza sina breki.  Wifi alinawa mikono, akambeba mwanangu mgongoni, maana kwake hunyamaza upesi kuliko kwangu, akasema polepole, "Sema hivyo hivyo, wifi. Kazi ni yako. Kesho nawarudishia mabuti na aproni yao, kisha sitii mguu pale tena."

"Si uyaache tu hayo mabuti?"

"Siwezi kuondoka na vitu vya watu."

"Na wakikukamata?"

"Watanirudisha nilikotoka."

Nilitaka kubaki na hasira yangu, lakini ilikuwa inanitoroka. Nikabaki na hofu. Kibali changu hakiongezwi muda kama sina mwajiri, na kilikuwa kinakaribia kuisha. Nikiikosa kazi ile, mimi na mwanangu tungerudishwa vilevile. Sikuwa na namna.

Asubuhi nilimkuta Bwana Halisi ameiweka simu katikati ya meza, spika imewashwa.

"Kiwandani wanasema huyo mtu ameingia sasa hivi," alisema. "Hebu tumsikie."

 Nikavuta kiti bila kukaribishwa.

Kule upande wa pili mtu aliita jina langu kamili, na sauti ya wifi ikaitika, "Abee." Bwana Halisi akamwuliza tarehe ya kuzaliwa. Akaitaja yangu. Akamwuliza jina la mama. Akalitaja jina la marehemu mama yangu, na sauti ikamtetemeka, maana yeye ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho, wakati mimi nilikuwa huku natafuta maisha. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalitamka jina lile siku nyingi.

Karani akanigeukia. "Unamjua huyu?"

"Simjui," nikasema. Neno lilitoka kavu, na kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

 Kisha nikasikia, "Wifi? Ni wewe, wifi?"

Bwana Halisi aliacha kuandika. Hakuwa mtu mbaya. Alinisubiri, na nilijua anasubiri nini. Ningesema tu kwamba mwanamke yule kanifananisha, angeandika hivyo, na mchana ule ule ningekuwa nafua mashuka. Wangemshika huko huko kiwandani, na mimi ningerudi nyumbani kumweleza kaka. Mdomo niliufungua niseme hivyo, wallahi.

Nikainamia simu.

"Ni mimi, wifi. Toka hapo sasa hivi. Usipite nyumbani."

Nikasikia simu inaanguka na mtu anakimbia. Bwana Halisi akaichukua kadi yangu pale mezani, akaitia kwenye droo, akageuza ufunguo.