Makofi Yaliyoandikwa Ndiyo

Mimi Winifrida nina hasira mpaka leo, na wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe. Mikono iliyoanza kupiga makofi siku ile ni hii hapa.

Mwaka wa sabini na sita tulikuwa na shule moja ya pamoja, watu wa pande mbili za mto. Sisi wa Kibondo tulifyatua matofali, wenzetu wa Kasulu wakatoa kiwanja na mbao. Shule ya kijijini kwetu iliishia darasa la nne, kwa hiyo kila asubuhi binti yangu Josepha alivuka daraja la magogo kwenda darasa la saba. Ilibaki miezi miwili afanye mtihani.

Ndipo akaja afisa mmoja, Ndugu Abbasi, mtu wa pwani. Akatusomea rasimu ya sheria ndogo: shule za pamoja zivunjwe mwezi ujao, kila wilaya isomeshe watoto wake. Josepha wangu akae nyumbani mpaka tujengewe nyingine. Mpaka lini? Hilo hakulisema.

Alipomaliza, tukapiga makofi. Jamani, sisi ni Waha, na Muha akisemeshwa na mgeni hupiga makofi! Tunapiga tukisalimiana, tunapiga tukipewa kitu, tunampigia hata mtu tunayejiandaa kumbishia. Tulikuwa tunangoja atuulize, tuseme yetu. Hakuuliza. Alifunga daftari, akapanda Landrova, huyoo akaenda zake.

Baada ya wiki mbili mwalimu mkuu, Stumai, akaniita akanionyesha nakala ya muhtasari wa mkutano ule. Ilisema wananchi wameafiki kwa makofi. Nilisoma mara tatu. Yaani adabu yangu ndiyo inamtoa mwanangu shule! Stumai akaniambia Abbasi atarudi Jumamosi kutusomea mara ya mwisho, kisha rasimu ipelekwe juu ikapitishwe.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba, ng'ambo zote mbili. Niliwaambia atakayepiga makofi Jumamosi, hata akifiwa sitakanyaga kwake. Baba mkwe wangu, mzee Bazilio, alinung'unika kwamba namfundisha ushenzi uzeeni. Nikamjibu heshima si utumwa.

Jumamosi Abbasi akasoma, akamaliza, akashika kalamu akingoja. Kimya. Bazilio alikuwa ameikalia mikono yake. Afisa akacheka kidogo, akauliza kama leo tumeacha adabu nyumbani.

Nikasimama. "Ndugu Abbasi, adabu yetu uliiandika kuwa ndiyo. Leo andika kimya chetu kuwa hapana."

Akasema mambo yameshakwisha, akaelekea kwenye gari. Watu wa Kasulu walikuwa wameshaketi njiani mbele ya Landrova, akina mama na watoto mgongoni. Alituangalia weee, jua likamchoma, mwisho akalifungua daftari juu ya boneti akaandika. Nikamtaka asome kwa sauti. Akasoma: wananchi wa pande zote mbili wamekataa.

Bazilio ndiye aliyeanza. Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma, na hayo nilimwambia ayaandike pia.

Rasimu ile haikupita, na Josepha alifanyia mtihani kwenye dawati lake. Lakini mimi, tangu siku ile, mgeni mwenye daftari akianza kusema, mikono yangu naikalia kwanza.