Mguu wa Upande wa Bonde

Don Misael aliutupa mguu wa bandia juu ya meza yangu ya kazi, kiatu kikiwa bado na tope la shambani.

"Chukua, binti. Usafisheni, muwapigie wageni wenu picha."

Nilimvutia kiti. Akakaa, akalaza mkongojo mapajani, na maji ya sukari guru niliyomtilia hakuyagusa.

Mguu huo tulimpa sisi, kwenye karakana yetu ya viungo bandia, baada ya bomu la ardhini kumkata chini ya goti. Alitembea nao ukumbini mbele ya Injinia Lisandro, mkuu wetu, juu ya vigae, na sote tukapiga makofi. Lakini don Misael ni mchumaji kahawa, na kahawa ya huku iko kwenye miteremko ambayo hata mbuzi hufikiri kwanza. Mchumaji hupita akikata ubavu wa mlima, kikapu kiunoni, mguu mmoja juu na mwingine upande wa bonde. Uzito wote huangukia ule wa bonde. Akifika mwisho wa mstari hugeuka, na miguu hubadilishana kazi.

"Kwenda, naenda," alisema. "Kurudi, mguu wenu ndio unakuwa chini. Hauinami upande. Unasimama kwa ukingo kama sahani, nami nateleza. Kwa hiyo nachuma kwenda tu, narudi mikono mitupu. Unajua wananiitaje? Kaa."

"Nani anakuita hivyo?"

"Mlima mzima. Jana Fabiola, mchumaji mwenzangu, kaniambia, 'Mjomba Kaa, ukifika baharini utusalimie kaa wenzako.' Na msimamizi kasema, Jumatatu nisipochuma kwenda na kurudi, nikakae mezani kuchambua buni mbovu. Mimi."

Niliushika mguu. Kifundo chake cha mguu kilipanda na kushuka vizuri. Nilipokisukuma kando, ilikuwa kama kusukuma ukuta.

Nikaenda ofisini kwa Injinia. Nyuma yake, ndani ya kabati la kioo, kilikaa kifundo kingine, chenye mpira katikati, kinachoinama pande zote. Nikakiomba kwa ajili ya don Misael.

"Kile mpira wake huisha upesi," alisema. "Tulichompa hakiharibiki."

"Hakiharibiki kwa sababu hakisogei."

"Dayra, umehitimu juzi. Mzee alitembea hapa bila shida."

"Hapa ni sakafuni, Injinia. Kahawa haioti sakafuni."

"Hicho ni cha kuwaonyesha wafadhili. Kiache."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Tulisomeshwa ili mtu arudi kwenye maisha yake, si ili avuke ukumbi. Kabati halikuwa na kufuli. Lililindwa na heshima yetu tu. Nikalifungua.

"Ukitoka nacho, usirudi," alisema.

Nikatoka nacho.

Jumatatu asubuhi nilisimama mwanzo wa mstari, nimekwisha kumfungia kifundo na kukaza skrubu zake. Don Misael alichuma kwenda. Mwisho wa mstari akageuka. Wachumaji wakageuza shingo kumtazama.

"Kaa anageuka," Fabiola akasema.

Mguu wa bandia ukakanyaga upande wa bonde. Kifundo kikainama pamoja na mlima, unyayo wote ukalala udongoni. Akasubiri kuteleza. Hakuteleza. Mikono ikaanza kukimbia matawini.

"Mjomba, sogea basi, unanizibia njia," Fabiola akasema, na sauti yake haikuwa na dhihaka tena.

Alinifikia kikapu kikiwa kimejaa. Nilidhani atacheka.

"Kilikuwa wapi kitu hiki?"

"Kabatini, don Misael. Nyuma ya kioo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaletwa kwetu."

Akatema mate, akamwaga buni kwenye gunia, akakaza upya mkanda wa kikapu.

"Mwambie injinia wako Jumapili aje achume na mimi. Avae viatu vyake vya ukumbini."

Sikumwambia kwamba sina tena injinia. Alikuwa ameshaingia mstari unaofuata.