Kiyidi kwa Siku Kumi na Mbili

Mzee Getzel alisema mimi si Myahudi, na alisema hivyo bila hata kuniona. Alikuwa anamenya vitunguu saumu vya kutia kwenye achari yake ya matango, binti yake Hindel akamwambia kuna kijana kazini kwao, jina lake Shemtov Saporta, Myahudi wa Saloniki, anataka kuja kuposa.

"Anaongea Kiyidi?" mzee akauliza, maana ndiyo lugha ya Wayahudi wa upande wao, Poland.

"Hapana, Baba. Kwao Wayahudi wanaongea Kispania."

Mzee akaweka kisu chini. "Binti yangu, Saloniki ni nchi ya Waturuki, na huyo ni Mturuki. Myahudi asiyejua Kiyidi hajazaliwa bado, na siku akizaliwa atalia kwa Kiyidi."

Mimi! Mimi niliyetoka mji ambao siku ya Sabato bandari nzima ilifungwa, manahodha wa mataifa yote wakikaa kupiga miayo, kwa sababu wapagazi walikuwa Wayahudi na wote wako sinagogi! Niambiwe si Myahudi na mtu wa kutia matango chumvi!

"Nitakwenda kumwambia hivyo hivyo, usoni," nilimwambia Hindel. Tulikuwa kiwandani, tukibandika karatasi za maua kwenye masanduku ya kofia. Tuliongea Kiingereza chetu cha kuokoteza, maana sote tulikuwa wahamiaji na ndicho pekee tulichokuwa nacho pamoja.

"Utamwambia kwa lugha gani, simba wangu?"

Nikazidisha gundi kwenye sanduku.

"Sikiliza," akasema. "Jumapili ya wiki ijayo, saa sita mchana, mshenga anamleta Lemel, yule anayeshona matundu ya vifungo. Ana jino la dhahabu. Baba ameshakubali nusu. Wewe njoo saa nne, umsalimie mzee kwa Kiyidi kabla hajakubali nusu ya pili. Maneno kumi tu yanatosha. Nitakufundisha."

Alinifundisha neno moja. Nilipolitamka alicheka mpaka akamwaga gundi, na wasichana wa meza nzima wakacheka naye, wakawa wanalipitisha neno langu kutoka mdomo hadi mdomo. Nikavua aproni. Nikamwambia Saporta hafundishwi mbele ya kadamnasi. Nitajifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza mwenyewe kutunga mashairi, na Jumapili atanisikia.

Jioni ile, kwenye mikokoteni ya vitabu vikuukuu vya Mtaa wa Rivington, nilikipata. Kilikuwa kijitabu cha kuingia mfukoni, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiyidi kilichoandikwa kwa herufi za Kiingereza ili kisomeke na mtu yeyote. Jalada halikuwepo, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'oka. Sikujali. Nilikifungua katikati, nikakuta sentensi nzuri, kamili, za heshima: Siku njema, mama. Watu wangapi wanalala katika chumba hiki? Choo kinatumiwa na familia ngapi? Toa ulimi, tafadhali.

Nikawaza, kumbe hawa watu ndivyo wanavyosalimiana. Haikunishangaza. Hindel mwenyewe siku ya kwanza tu aliniuliza nalala na nani chumbani, naumwa nini, na kwa nini.

Kwa siku kumi na mbili nilizipanga sentensi arobaini kwa vina, nikawa naziimba nikibandika masanduku, kimoyomoyo, midomo imefungwa. Hindel aliniuliza kama naumwa jino.

Jumapili ikafika, zikiwa zimebaki wiki mbili kabla ya Pasaka yetu, siku nane ambazo Myahudi hali mkate wala ngano yoyote iliyochachuka. Nilivaa suti nyeusi na kofia nyeusi, nikashika kijitabu mkono mmoja na penseli mkono wa pili, ya kutia alama kila sentensi niliyokwisha kuitumia, nisije nikarudia kama kasuku. Nikapanda hadi ghorofa ya nne, nikabisha.

Maneno yote ya asubuhi ile nayaandika kama Hindel alivyonieleza baadaye. Wakati ule, katika kila kumi nilielewa moja.

Mama Pesha, mama yake Hindel, alifungua mlango. Hindel mwenyewe alikuwa ametoka kununua mkate.

"Siku njema, mama," nikasema, na matamshi yangu yalikuwa safi kama maji. "Watu wangapi wanalala katika chumba hiki?"

Rangi ikamtoka usoni. "Getzel!" akapiga kelele. "Jiji! Watu wa Jiji wamekuja!"

Mlango ukafungwa. Ndani nikasikia viti vikikokotwa, dirisha likipandishwa, na mtu akilalamika kuhusu kiatu. Mlango ulipofunguliwa tena, chumba kilikuwa kimetulia. Mzee Getzel alisimama katikati, ndevu zikimtetemeka. Pembeni mwa jiko aliketi bibi mmoja mfupi, mnene, amejifunika shali kuanzia kichwani mpaka chini.

"Wawili tu, mheshimiwa!" mzee akasema akibabaika. "Mimi, mke wangu, na binti."

Ameniita mheshimiwa! Nikatia alama. "Madirisha haya yanafunguka?"

"Yanafunguka sana, mheshimiwa!"

Nilitupa macho dirishani. Wanaume wawili walikuwa wanateremka ngazi ya nje ya kukimbilia moto, mmoja ana kiatu kimoja. Sikuwa na sentensi ya jambo hilo, nikatia alama nyingine. Mzee akatokwa na jasho. Akachukua chupa ya achari rafuni, akanisukumia kifuani kwa mikono miwili. "Chukua, mheshimiwa. Wapelekee watoto."

Nikaona mambo yamekwisha. Baba mkwe ameanza kutoa zawadi! Nikaona ni adabu kumgeukia na bibi wa pembeni.

"Mgonjwa huyu ameumwa tangu lini?"

Wakatazamana. "Huyo," akasema Mama Pesha, "ni shangazi yangu. Ni kiziwi. Na bubu. Na hapendi wageni."

"Shangazi," nikasema kwa sauti kubwa, kwa kuwa ni kiziwi na neno hilo lilikuwemo kitabuni, "toa ulimi, tafadhali."

Shangazi hakutoa ulimi. Nikatia alama.

Sasa, kwetu Saloniki, kijana aliyelelewa hasimami mbele ya mkubwa bila kumbusu mkono. Jambo hilo halikuwa kitabuni, lakini heshima haihitaji kitabu. Nikaenda, nikapiga goti, nikaingiza mkono chini ya shali kutafuta mkono wa shangazi. Nikashika kitu kigumu na baridi. Nikasema moyoni, maskini, uzee huu. Nikavuta ili nibusu.

Shangazi akaniangukia. Kichwa chake kilikuwa kifuniko, na tumbo lake lilikuwa pipa. Maji ya chumvi, vitunguu saumu na matango yasiyohesabika vilimwagika juu ya magoti yangu, juu ya viatu vyangu vya kuposea, mpaka chini ya kitanda.

"Shangazi yangu!" akalia Mama Pesha, nadhani kwa kuzoea.

Hapo ndipo Hindel alipoingia na mkate kwapani.

"Shemtov! Umefanya nini?"

"Nimemsalimia shangazi yako."

"Sina shangazi!"

Mzee akamgeukia binti yake polepole. "Huyu ndiye Mturuki wako? Si mkaguzi wa afya? Nimewatorosha wapangaji na kulivika pipa shali bure?" Akapumua pumzi ndefu ya mtu aliyeachiwa huru, kisha ghadhabu ikampanda palepale. "Myahudi gani anaingia nyumba ya Myahudi na kuuliza choo? Amejifunza wapi?"

Hindel akaninyang'anya kijitabu. Akakipekua hadi ukurasa wa mwisho, akasoma chini kabisa. "Shemtov, hapa pameandikwa: kwa matumizi ya wakaguzi wa nyumba."

"Hayo ni maandishi madogo," nikasema. "Mimi sisomi maandishi madogo."

"Mwambie atoke," mzee akasema. "Sina binti wa kumpa Mturuki aliyeniulia pipa."

Nilielewa bila tafsiri. Nikasimama, tango moja likanidondoka mfukoni. Lakini Mama Pesha alikuwa ameshaweka sahani mezani, maana katika nyumba ile hata mtu anayefukuzwa hufukuzwa akiwa ameshiba. Supu ya kuku na wali.

"Mwambie ale, aende," akamwambia Hindel. "Namaliza mchele. Baada ya wiki mbili ni Pasaka, hautakuwemo ndani."

Hindel akatafsiri. Nikashusha kijiko.

"Kwa nini usiwemo? Pasaka bila mchele, watu watakula nini? Mawe?"

Alipomtafsiria baba yake, mzee akageuka kama mtu aliyepigwa kofi. Akauliza jambo, na safari hii sikuhitaji Hindel, kwa sababu aliuliza kwa lugha takatifu, ile tunayosomea sala tangu utoto. Aliitamka vibaya mno. Baadaye aliniambia mimi niliitamka kama mtu anayesukutua.

"Wewe unakula mchele siku ya Pasaka?"

"Nakula! Na baba yangu alikula, na rabi wetu alikula, akaongezwa!"

"Mababu walikataza!"

"Mababu wa nani? Wangu walikuwa wanaomba sahani ya pili!"

"Mchele huvimba ndani ya maji, kama unga wa mkate!"

"Na miguu yangu imevimba ndani ya maji yako! Niitupe nje nayo kabla ya Pasaka?"

Mzee akavuta kiti, akaketi mbele yangu, mikono juu ya meza. "Mtu mjinga ataona unga wa mchele, atadhani ni ngano, atakula ngano."

"Basi mkamateni mjinga, mwacheni mchele! Mama yangu huchambua punje moja moja, juu ya kitambaa cheupe, mara tatu!"

"Mara tatu?" Mzee akasita. Kisha macho yakamwaka. "Na punje ya ngano ikijificha mpaka mara ya nne?"

"Kuleni kwanza, supu inapoa," akasema Mama Pesha. Hakuna aliyemsikia. Nilipiga meza, mzee akapiga meza. Alinitajia rabi mmoja wa Poland, nikamtajia wawili wa Hispania. Alifungua kabati, akateremsha kitabu kikubwa, tukakiinamia wote wawili, kichwa kwa kichwa, kila mmoja akisukuma kidole cha mwenzake.

Saa sita mshenga akaingia na Lemel. Wakasimama mlangoni, viatu vikilowa.

"Amani iwe kwenu," mshenga akaanza, "nimewaletea bwana harusi..."

"Nyamaza, tuko kazini!" mzee akamkatiza. Kisha akamnyoshea Lemel kidole. "Wewe. Mchele siku ya Pasaka. Unasemaje?"

Lemel akatabasamu, jino lake likametameta. "Mimi sina neno, Mzee. Mke akipika nitakula, asipopika sili."

"Hana neno!" mzee akasema kwa kinyaa. "Pesha, umesikia? Mtu mzima, na hana neno!" Akanitazama, nami nilikuwa natiririka jasho na maji ya chumvi, bado nimekishika kitabu kwa ncha. "Hindel, huyu wako si Mturuki. Mturuki hawezi kukasirika namna hii kwa ajili ya mchele wa Pasaka. Huyu ni Myahudi. Myahudi mbaya sana, lakini Myahudi."

Mama Pesha akaanza kulia. Mshenga, ambaye hakuja kupoteza safari, akamsogeza Lemel kando, akatoa kalamu ya kuandikia mkataba wa posa.

"Ila kwa sharti moja," mzee akasema. "Mume wa binti yangu hali mchele siku za Pasaka."

Damu ikanichemka. Nikafungua kinywa kumwambia kwamba Saporta hajawahi kuwekewa sharti na mtu yeyote. Hindel alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, hacheki, ameukumbatia mkate mpaka umebonyea.

Nikafunga kinywa. Nikafikiri.

"Ni siku nane tu?" nikauliza.

"Siku nane."

"Na siku ya tisa?"

"Siku ya tisa kula gunia zima, nitakushikia sahani."

"Andika," nikamwambia mshenga.