Kiatu cha Kushoto cha Mkurugenzi

Fortunata alifukuzwa kazi kwa sababu ya samaki. Na tuseme kweli tangu mwanzo, samaki mwenyewe hakuwa na kosa lolote.

Alikuwa dada wa mapokezi katika Hoteli ya Mikoko, Lindi mjini, mali ya Mkurugenzi Mfaume. Siku hiyo aliingia mgeni kutoka Dar, mtu mzito, miwani ya jua usoni hata ndani ya nyumba, akauliza kama samaki wa hapo ni wa leo. Jibu la mapokezi linajulikana: ndiyo mheshimiwa, karibu sana. Fortunata akajibu kwamba samaki ni wa leo, ila mpishi ndiye wa juzi. Wahudumu waliangua kicheko. Mpishi mwenyewe, Helena, rafiki yake wa kulala chumba kimoja kule Mitwero, alicheka mpaka akashika ukuta. Mgeni hakucheka. Alibeba begi lake akahamia hoteli ya jirani, na kabla jua halijazama Fortunata alikuwa nje ya geti na mkoba wake, maneno ya Mkurugenzi yakimlia masikioni: mapokezi ni mahali pa tabasamu, si mahali pa vichekesho.

Huyo Mfaume tumjue kidogo. Ni mtoto wa Rutamba kabisa, Mmwera wa damu, lakini alikwenda mbali kusomea mambo ya hoteli akarudi na tai. Joto la Lindi unalijua wewe? Saa saba mchana mtu anatamani avue hata ngozi, na yeye kafunga tai mpaka kooni! Watu wote walimwita Mkurugenzi, mkewe akiwemo. Aliyeendelea kumwita Mfaume ni mama yake tu, Bibi Somoe, ambaye kila alipokuja mjini kutoka Rutamba alikataa kukaa kwenye makochi ya wageni, akavuta kiti mpaka mapokezi, akakaa na Fortunata wakatukanana.

Ndiyo, wakatukanana, na kwa raha zao. Fortunata ni Mmakonde wa Newala, na Wamakonde wa kwao na Wamwera wa kina Mfaume ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakuvunjia heshima unacheka. Anachukua kitu chako unakwenda kukikomboa, humnyang'anyi. Msibani, wengine wakiwa wanalia, yeye ndiye anayefanya vituko, na ukimkasirikia, mwenye kosa ni wewe. Bibi Somoe alimwita Fortunata mtumwa wangu, na Fortunata alimwuliza bibi lini atakufa ili arithi bakora yake. Bibi alikuwa akijibu kwamba siku hiyo ikifika, Fortunata asithubutu kuja kulia, waliaji watakuwepo tele; yeye aje awasumbue. Sasa mtoto wa nyumba hiyo ndiye aliyemfukuza mtani kazi kwa sababu ya mzaha. Mtu wa Rutamba hafanyi kosa la namna hiyo, labda tai iwe imembana damu isipande kichwani.

Basi Fortunata akaingia mtaani kutafuta riziki, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Alianza na korosho pale stendi. Abiria akimwuliza kama ni za moto, anamwambia za moto zilikuwa jana, za leo zina kumbukumbu. Wakacheka sana, wakanunua kwa mwingine. Akaenda kusajili laini za simu chini ya mwavuli, akashindwa kujizuia kila alipoona picha ya mtu kwenye kitambulisho. Akapata duka la dawa. Huko, mwenzangu, hata wiki haikuisha: mzee mmoja aliomba dawa ya nguvu kwa sauti ya chini, na Fortunata akamwuliza kwa sauti ya kawaida kama ni nguvu za kulima.

Mwanzoni alicheka. Baadaye kicheko kikakata. Mama yake alipiga simu kutoka Newala akasema msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho umefika, mikono haitoshi, na kama mjini pamemshinda mwisho wa mwezi arudi nyumbani. Mama hakusema kwa ubaya, lakini alimalizia kwamba ulimi uliponza kichwa, na hilo lilimchoma. Fortunata alikwishawaambia watu wote wa kwao kwamba yeye ni mtu wa hoteli. Alijiona akirudi na mkoba uleule alioondoka nao, akifungwa kitambaa puani na kupewa mashine ya kupulizia. Akalia sana, akauchukia ulimi wake, akawa anaamini kabisa kwamba ana ugonjwa.

Ndipo Helena akaleta habari. Dada mpya wa mapokezi alikuwa mkimya kiasi kwamba wageni wawili waliondoka wakidhani hoteli imefungwa. Mkurugenzi alikuwa tayari kumrudisha Fortunata, kwa sharti moja: aje Jumatatu, aombe radhi, na asisikike tena akifanya mzaha na mtu yeyote. Fortunata akakubali papo hapo. Akaanza mazoezi ya kunyamaza. Utani ukimjia, anauma ncha ya kanga mpaka upite. Kanga yake ya siku zile ilikuwa na matundu pembeni, ungedhani imeliwa na mende.

Jumamosi asubuhi, Bibi Somoe akafariki dunia.

Fortunata na Helena walipanda gari la kwenda Rutamba na wafanyakazi wengine wa hoteli. Njia nzima Helena alimsihi. Akae kwenye mkeka wa wanawake, alie kidogo, atulie. Jumatatu ni keshokutwa. Fortunata akaapa. Kweli alikuwa na nia hiyo, tena alikuwa na huzuni, maana alimpenda yule bibi kuliko alivyojua.

Walikuta msiba umepoa vibaya. Watu walijaa, maiti alikwishaoshwa na kukafiniwa, lakini watani wa kutoka Newala waliotegemewa walikuwa wamekwama njiani na gari bovu. Kina mama wakanong'ona kwamba hawajapata kuona mtu mzima anatoka nyumbani kimya namna hii, kama vile hakuwa na watu. Mfaume alikaa barazani amejiinamia, viatu vyake vyeusi vimepangwa pembeni ya mkeka, tai shingoni. Shangazi yake alisema tangu asubuhi hajala, hajanywa, hajasema, na baya zaidi hajalia. Alikuwa akiogopa mtoto atapasuka.

Fortunata akauma kanga. Akaitazama ile shingo iliyofungwa. Akaikumbuka sauti ya bibi, waliaji watakuwepo tele, na akaona aibu, kwa sababu alikuwa ameahidiana na marehemu kabla hajaahidiana na mwanawe. Helena alimshika mkono. Alikuwa amechelewa, mwenzie keshasimama.

Aliingia ndani, akatoka kajitanda kanga ya marehemu, miwani ya marehemu iliyofungwa uzi imekaa puani, na ile bakora mkononi. Jeneza lilikuwa limeshanyanyuliwa. Akaenda kwa mwendo wa Bibi Somoe, ule wa nyonga moja kutangulia, akakaa katikati ya mlango akaziba njia. Kisha akamnyooshea Mfaume bakora.

“Mfaume,” alisema, na ilikuwa sauti yenyewe, ile ya kukwaruza. “Hiyo tai ya nini? Unakwenda kunizika au kunifanyia usaili?”

Helena alijifunika uso. Mfaume aliinua kichwa taratibu, macho makavu, akamtazama yule mtu wa mlangoni.

“Na huyu mtumwa wangu wa Kimakonde umemfukuzia nini? Ulidhani nilikuwa nikifuata chai kwako? Chai yako maji ya mvua. Nilikuwa nikifuata matusi yake.”

Mabega ya Mfaume yakaanza kutikisika. Kicheko ndicho kilichotangulia, kidogo, kupitia puani, halafu kikubwa, halafu kikageuka katikati ya safari na mtu mzima akalia kwa sauti, akimwita mama yake. Shangazi akasema alhamdulillahi. Mkeka mzima wa wanawake ukaangua vilio na vicheko kwa pamoja, na mmoja akajibu utani, na mwingine akamtupia Fortunata unga ili apishe njia. Msiba sasa ukawa msiba.

Fortunata alipisha, lakini mtani haondoki mikono mitupu. Alipoinuka aliokota viatu vya Mkurugenzi akavikumbatia. Mfaume akanyoosha mkono kuvichukua, mara akakumbuka yeye ni mtoto wa wapi, akaurudisha. Maziko hayasubiri. Akachungulia huku na huku, akaziona kandambili za mama yake, za rangi ya waridi, akazivaa visigino vikiwa nje, akaenda kubeba jeneza hivyo hivyo. Tai aliiacha kwenye mkeka.

Wanaume walipokuwa makaburini, kina mama walimzunguka Fortunata. Mmoja alikuwa na harusi ya binti yake baada ya mfungo, akamwuliza kama huwa anashika kipaza sauti, kwa sababu emsii waliyemwita kwenye harusi ya dada mtu alisoma majina ya wageni kama anaita wagonjwa zahanati. Mwingine, wa Likawage, alimwomba namba kwa ajili ya sherehe ya wajukuu wanaotoka jando. Fortunata alitoa namba akicheka, akijua hayo ni maneno ya msibani. Lakini alipokaa na vile viatu mapajani, wazo halikumwacha. Aliutazama ulimi wake kwa jicho jingine, kama mtu anayekuta shilingi kwenye nguo aliyotaka kuitupa.

Wanaume wakarudi. Mfaume alisimama mbele ya mkeka, vumbi mpaka magotini, kandambili za waridi miguuni, macho mekundu.

“Mtani, nipe viatu vyangu.”

“Vikomboe.”

Akafikiri. Watu wote walikuwa wakisikiliza. “Njoo kazini Jumatatu,” alisema. “Mapokezi, kama zamani. Radhi usiombe.”

Helena alimfinya Fortunata pajani kwa nguvu za furaha. Ni hilo hilo alilokuwa akililia, nalo limeletwa mpaka mkekani, bila hata kupiga goti. Fortunata alifungua mdomo kushukuru. Akaiona ile kaunta, akajiona nyuma yake anatabasamu, ana ncha ya kanga mdomoni mpaka uzeeni. Akaogopa, maana aliijua Newala na aliijua salfa, na aliyoyataka kuyasema hakuwa ameyasema hata kwa nafsi yake.

“Mapokezi sirudi,” alisema. “Nataka ule ukumbi wako wa hotelini ulioujaza viti vibovu. Na kipaza sauti. Wewe lete ukumbi, mimi nitaleta shughuli na kuzisherehesha, tutagawana.”

Helena alimfinya tena, safari hii kwa sababu nyingine. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara hata akiwa na kandambili za mama yake. Mfaume akauliza kama atakuwa akimtania mbele ya wageni. Fortunata akasema ndiyo, tena yeye ndiye atakuwa wa kwanza. Mfaume akashindwa, akacheka, akasema sawa. Fortunata akampa kiatu cha kulia. Cha kushoto alikitia mkobani, akatangaza kwamba hicho ni rehani, kitarudi siku ya shughuli ya kwanza.

Miezi ile iliyofuata isikudanganye kwamba ilikuwa laini. Viti vilitengenezwa taratibu, spika zilikoroma, na mama wa Newala alipiga simu mara kwa mara kuuliza hiyo kazi ya kusema inaitwaje. Lakini maneno ya msibani yalikuwa ya kweli. Baada ya mfungo yule mama wa Rutamba alileta harusi yake Mikoko, na ukumbi ukajaa mpaka watu wakasimama madirishani.

Fortunata alishika kipaza sauti. Alianza na bwana harusi, akamwambia awatazame vizuri mashemeji zake maana hao ndio watakaomaliza wali. Akahamia kwa mama mkwe. Ukumbi ukacheka mpaka wapishi wakatoka jikoni, na Helena akiwa mbele yao, akisubiri utani wa samaki. Samaki walikuja. Fortunata akawatangazia wageni kwamba ni wa leo, na mpishi ameboreshwa.

Mwisho wa shughuli alimwona Mfaume amesimama mlangoni, hana tai. Akamtambulisha mwenye ukumbi, akawaomba watu wamchangie viatu, kwa sababu chini alikuwa amevaa zile kandambili za waridi. Alikuwa akizivaa siku nyingi tangu msiba, na hakuna aliyethubutu kumwuliza.

Watu walipoondoka, Fortunata alitoa kiatu cha kushoto mkobani. Alikuwa amekipiga rangi kikang'aa. Akamkabidhi, ahadi ni deni.

Mfaume alikishika, akakigeuza, akamrudishia.

“Kaa nacho,” alisema. “Nikikichukua utaanza kuniheshimu. Na mama hayupo, nitabaki na nani wa kuniita Mfaume?”

Fortunata alikirudisha kiatu mkobani, akafuta macho kwa ile kanga yenye matundu, kisha akamwambia Mfaume aache kusimama kama mgeni, ashike upande wa pili wa meza wasaidiane kubeba.