Mbili ya Dakika ya Nane

...mbili, anasema mbili tena, na jasho limemtoka mpaka kola imelowa, ninaiona kwenye skrini ya kamera, ilikuwa bluu wakati anaingia na sasa nusu yake imekuwa nyeusi, lakini mdomo unasema mbili, dakika ya sita, mbili kati ya kumi, nami ninaandika mbili kwa sababu kanuni ni kuandika kile mtu anachosema na siyo kile unachokiona wewe, kanuni hiyo niliitunga mwenyewe, nikaipigia mstari, nikaibandika ukutani hapa juu ya swichi ili nisije nikajisahau... amemeza mate, naam, amemeza tena, fundi, mara ya tatu hiyo ndani ya dakika moja, mtu wa mbili hamezi mate hivyo, mtu wa mbili hakazi vidole kwenye mkono wa kiti kama anayeng'olewa jino, na kiti chenyewe hakisogei hata kidogo, kinachozunguka ni pipa. Pipa ndivyo tulivyolibatiza, kwenye maandishi lina jina refu la heshima zake, lakini ni pipa tu, duara la chuma lililovishwa kitambaa cha milia nyeusi na nyeupe, na kitambaa alikishona yeye, cherehani yake iko mtaa wa nyuma ya jengo letu, siku aliyokileta alikitandaza sakafuni akasema "Daktari, hili ni pazia au umemchuna pundamilia wa watu?", tukacheka, na nilipomwambia natafuta waliovuka miaka sitini akasema "Mimi nimevuka zamani, mwanangu, nitakuja kukusaidia", kukusaidia, hilo ndilo neno alilolitumia, ningeshtuka palepale, mtu aliyeacha cherehani yake aje akusaidie atakwambiaje kwamba kazi yako inamtapisha, atakwambia mbili, atakwambia moja na nusu akiweza. Na sasa hivi haoni pipa likizunguka, hiyo inaisha mapema, nusu dakika tu macho yanashinda, pipa linaonekana limesimama na yeye ndiye anayekwenda, ni ile ya kukaa ndani ya basi lililoegeshwa, la jirani likarudi nyuma nawe ukashika kiti cha mbele ukidhani lako limeondoka, macho yanasema tunakwenda, masikio kule ndani yanasema hatujasogea, na mwili usiojua umwamini nani unachafuka roho, ndiyo kazi yangu hiyo, miaka sita nawachafua watu roho kwa hiari yao na kuwauliza kila dakika wamechafuka kiasi gani, na nawaambia kabla hawajaketi, ukisema basi nasimamisha, na katika watu arobaini na watatu hakuna hata mmoja aliyesema basi. Profesa alipoona wastani wa mbili na ushee alipiga meza, "Watu wetu hawa ni chuma, andika upesi kabla wengine hawajatuwahi", nikaandika, nikasimama mbele ya ukumbi mzima nikasema ustahimilivu wa kipekee, neno lilinikaa vizuri mdomoni, nikapigiwa makofi, nikainama kidogo kama bibi harusi... na wa saba nilikuwa namjua. Yule mwalimu mstaafu wa hesabu, mbili dakika zote kumi, akatoka, akanishukuru kwa mikono miwili, akafunga mlango taratibu, kisha nikamsikia akitapika kwenye sinki la korido, amefungulia maji yote ili nisisikie, nami nikajikausha humu ndani mpaka akamaliza, ili asijue kwamba nimesikia, tukasitiriana vizuri kabisa, ukuta katikati, halafu nikazijumlisha mbili zake kumi.

"Unajisikiaje, fundi?" Dakika ya saba. Sauti yangu kwenye kipaza sauti ni laini, ya muuguzi anayejua sindano itauma. "Sijambo, mwanangu. Mbili." Sijambo kwanza, mbili baadaye, mbili imeifuata sijambo kama mtoto anayefuata mama sokoni, na nani hapa duniani akiulizwa hali anasema kitu kingine, unaweza kuwa umetoka kuzika na macho yamekuvimba, ukiulizwa habari unasema nzuri, ndipo unavuta pumzi na kuanza kueleza, tena unamweleza wa kumweleza, si daktari aliyekaa nyuma ya skrini na karatasi... kwa hiyo kila dakika nimekuwa nikisalimia tu, miaka sita, nasalimia watu wazima waliofungwa mkanda kitini, nao wananijibu salamu, nami natia majibu ya salamu kwenye jedwali na kuyachorea mistari ya rangi. Na nisiseme sikujua, nisijidanganye, nani angejua kama si mimi, nilikuwa na miaka tisa, kiti cha nyuma cha gari la mjomba, gari jipya bado lina nailoni kwenye viti, tunakwenda harusini, kona juu ya kona, na mjomba ananitazama kwenye kioo, "Mpwa wangu, hujambo huko nyuma?", sijambo mjomba, mama amenifinya goti, alishanionya tangu nyumbani nisimtie aibu mbele ya kaka yake, "Hujambo kweli?", sijambo mjomba, mate yamejaa mdomo mzima, sijambo, na nikatapika ndani ya kofia yake, kofia ya harusi iliyolazwa kando yangu, niliichagua, hilo sijawahi kumwambia mtu, nilipima kiti na kofia nikaona kofia ni ndogo, nitaharibu kidogo. Mjomba akaegesha, wala hakukasirika, akaniuliza tu "Mbona hukusema, mama?", na mama akajibu kabla yangu, "Huyu mtoto ni mwongo sana", na harufu ilitoka siku ileile kwa sabuni, lakini mwongo haikutoka, harusi nzima nimekaa nyuma ya spika za muziki nikisikia mwongo... na hiyo ndiyo iliyonifanya nisome haya mambo, niliwaambia ukumbini kwa mzaha, nikaacha kofia, nikaacha mama, wakacheka. Sasa nimekuwa mjomba. Nimekaa mbele, naangalia kioo, nauliza hujambo kweli.

Ila mjomba aliegesha gari. Mimi Jumanne nilikuwa na mtu mbele yangu kabisa, hana mkanda, hana pipa, yule binti wa chuo cha madereva wa mabasi, amekumbatia faili kifuani, kiti nimempa hakukaa, wana kibanda kule chenye usukani na skrini kubwa ya barabara, mwanafunzi anaendesha saa nzima bila kwenda popote, zamani walikuwa wanapumzika kila robo saa, mapumziko wameyafuta, kwa sababu utafiti umesema, utafiti ndio mimi, "Dada, mkufunzi anasema najifanya, anasema wewe umeshapima watu na hakuna anayeumwa, nimebakiza kipindi cha Ijumaa, nikitoka tena kabla ya saa kuisha wananiondoa", na macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti imenyooka, alikuja kuniuliza kama ana ugonjwa, alikuja na safari yote ile kuuliza kama yeye ndiye mbovu, na mimi, na sinki la korido masikioni, nikamwambia labda hukula vizuri asubuhi. Labda hukula vizuri asubuhi! Kama mama mkwe. Akasema "Asante, dada", akaurudisha mlango kwa adabu kama yule mwalimu, nami nikaendelea na chai yangu, ikanishuka, hilo ndilo linaloniumiza, kwamba chai ilinishuka vizuri tu... leo ni Alhamisi. Naona aibu, mgongo mzima unawaka, naona aibu ya kuwa mtu mzima, na fundi pale anameza, midomo imepauka imekuwa rangi ya chaki, saa inakaribia dakika ya nane na lazima niulize, ninashusha macho kwenye karatasi nitafute kisanduku cha dakika ya nane, na kimejaa. Mbili. Mwandiko wangu, mkia wa mbili nauvuta hivyohivyo tangu shule ya msingi. Na cha dakika ya tisa, mbili. Cha kumi, mbili. Sijamuuliza bado, niliandika lini, labda alipokuwa anafunga mkanda, labda alipokuwa ananitania kuhusu pundamilia, mkono umejiandikia wenyewe, na kama umejiandikia leo, ilianza kwa nani, kwa wa kumi, kwa wa thelathini, karatasi zote zile kabatini, ni mbili ngapi za watu na ngapi za mkono huu... Nabonyeza kipaza sauti. Nilitaka kusema unajisikiaje, ulimi umeshakaa tayari mahali pake, lakini kinachotoka ni "Fundi, mimi roho inanichafuka", na ni kweli, mate yamenijaa kama siku ile, nimekaa kwenye kiti cha miguu minne kisichokwenda popote na chumba chote kinanikimbia. Milia inapita kwenye uso wake, nyeusi, nyeupe, kisha anainua kichwa kuitafuta kamera, anatafuta upande nilipo, hauoni, na uso ule uliopauka unaingia huruma, "Pole, mwanangu, pole sana. Basi simamisha, usije ukaanguka. Simamisha upumzike, mimi sijambo."

Amesema basi. Wa kwanza katika watu arobaini na wanne, na ameisema kwa ajili yangu. Nabonyeza, lakini pipa halikatwi ghafla, kulikata ghafla ndiko kunakotapisha, linapunguzwa polepole nusu dakika nzima, kwa hiyo bado linazunguka, na yeye bado anasafiri, anajifuta mdomo kwa pindo la shati akidhani nimefumba macho, nami naikata mbili ya dakika ya kumi, naikata ya tisa, ya nane, pembeni naandika sijui, napanda juu, ya saba, sijui, ya sita, sijui, mpaka ya kwanza, halafu navuta simu kutafuta namba ya chuo cha madereva, saa nne na robo, watakuwa ofisini, na nitakapowaambia wataniuliza tangu lini nilijua.