Maiti Iliyopiga Chafya

Kwa miaka thelathini fundi viatu alimtambia mkewe kwamba aliwahi kucheza filamu. "Bila mimi," alikuwa akisema huku akigonga soli, "hadithi nzima isingekuwepo." Mkewe aliitikia tu, kama anayesikia mvua ikinyesha kwa jirani.

Jumamosi moja mchana mkwe wao akaja na binti yao, na filamu hiyo kwenye flashi. Fundi akavaa shati la kutokea, akaketi mbele kabisa.

Dakika ya tatu akaonekana: kijana, mwembamba, kalala chali kwenye zulia na kisu kifuani.

"Ndio wewe huyo?" mkewe akauliza. "Maiti?"

"Marehemu," fundi akamsahihisha. "Mwenye nyumba."

Inspekta akaingia na koti refu, akapiga magoti. Kisu sasa kilikuwa tumboni. Akageuka kuwasha sigara. Alipomgeukia tena, kisu kimehamia begani. Kisha marehemu akapiga chafya.

"Afya," Inspekta akamwambia kwa mazoea, halafu akaendelea kusikitika.

Mkewe hakuwa na mbavu. Aliteleza kutoka kwenye kochi hadi sakafuni.

"Zulia lilikuwa na vumbi!" fundi akafoka. "Na mkanda wa kurekodia ulikuwa mmoja tu, hatukuweza kurudia!"

"Haya, baba," binti yake akasema akijifuta machozi, "nani alikuua?"

Kusema kweli, fundi hakujua. Siku ile alipomaliza kufa aliambiwa aende zake, na filamu ilipoonyeshwa yeye alikuwa kitandani na homa.

Wote wakakaza macho. Inspekta akawakusanya sebuleni mjane, mpishi na daktari, akawazunguka weee, mara mlango ukafunguliwa, akaingia mtu ambaye hakuwa ameonekana tangu mwanzo.

"Muuaji ni wewe!"

"Ndiyo, ni mimi," yule akakiri chapuchapu, kama anayewahi nyumbani. Pingu. Mwisho.

"Sasa huyo ni nani?" mkwe akauliza.

Fundi akasogeza pua hadi kwenye kioo cha televisheni. "Fundi wa taa! Bila shaka mwigizaji wao hakutokea, wakamvalisha huyu! Na siku ile ya kurekodi tulikula sahani moja, akaniambia nina kipaji!"

Alinuna hadi jioni. Mkewe akamletea chai, akaketi kando yake.

"Lakini ulikufa vizuri," akamwambia.

Fundi akamtazama kwa jicho la pembeni, asije akawa anamkejeli. "Wapi hasa?"

"Miguu. Ilikuwa imekufa kabisa."

"Miguu nilijitahidi," fundi akakiri, akapokea kikombe.